Nyembe saba, na shingo bado ina vipele

BARUA

Mzee wetu, jambo sana.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nakaa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, nina miaka 43, bibi mmoja na watoto wanne. Sinywi, sichezi kamari. Kitu kilichonishika moyo ni nyembe za kukunja, zile za zamani ambazo mtu alizifua na kuzisaga kwa mikono yake.

Ilianza babu alipotutoka, mwaka 2018. Alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, tangu mji ukiitwa Élisabethville, na kila Jumapili kabla ya misa tulimkuta amekaa uani, kioo kimetundikwa kwenye mwembe, uso umejaa povu jeupe. Tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta wembe mmoja ulioandikwa Solingen, ukanda wa ngozi uliokauka, na kijiwe kirefu kama kiganja, upande mmoja njano, upande wa pili zambarau. Baba wadogo waligawana baiskeli na redio. Mimi niliomba lile sanduku.

Tangu siku hiyo nimenunua nyembe nyingine sita. Ndugu yangu aliyeko Brussels huzunguka soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, akiona wembe ananitumia picha. Nina mbili za Sheffield, Uingereza, nzito kama shoka dogo, na mmoja wa Thiers, Ufaransa, ambao ukipita shavuni unaimba. Usiku watoto wakilala nazipanga mezani, nazitazama tu.

Lakini hakuna hata mmoja unaoninyoa vizuri. Zinavuta. Narudia mara tatu, mara nne, shingo inawaka, na baada ya siku mbili vipele vimejaa chini ya taya, vingine vina usaha. Mmoja nilijaribu kuunoa kwa mashini ya kusagia ya kazini, makali yakageuka rangi ya buluu, sasa haukati hata karatasi. Na mvua zikianza zote zinatoa madoa ya kutu. Kila mara najiambia utakaofuata ndio utakuwa wenyewe.

Sasa ndugu yangu amepata wa nane, mpini wa pembe ya ndovu, dola 250. Anasema utapita ndani ya mzigo wa msafiri, hakuna atakayeuona.

Halafu kuna Mama Chantal. Huyu ndiye bibi yangu, anapika sabuni ya mawese na kuiuza sokoni, na sabuni hiyo ndiyo inayolipa masomo ya watoto. Mwezi wa tatu zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana feza kwa zamu, ilifika, dola 180. Mimi ndiye niliyetumwa kuzichukua, nikazipeleka Brussels kwa wembe wa saba. Nikamwambia zamu imesogezwa mbele. Ukweli aliupata kwa mwenzake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nyembe saba, na shingo bado ina vipele." Tangu hapo tunaongea mambo ya watoto peke yake. Juzi amekuta sabuni ya kunyolea ya Ufaransa niliyoificha kwenye sanduku la vifaa. Aliinusa, akairudisha mahali pake. Hilo liliniuma kuliko maneno.

Nifanye nini aelewe kwamba hivi si vitu vya kuchezea? Na huu wa nane, niuache upite? Nisisahau: shemeji zangu wawili huja kunyoa kwa wembe wa babu kila mwisho wa mwezi, wanaupenda mno.

Baba Chantal, Lubumbashi

JIBU

Baba Chantal, jambo.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu linasimama palepale, kwenye kijiwe cha njano na zambarau. Umekitaja kwa sentensi moja ukapita. Mimi nimeshika wembe wa kukunja zaidi ya nusu ya maisha yangu, kwanza kwenye nyuso za watu, sasa kwenye uso wangu mwenyewe, na nakuambia kwamba kama kijiwe hicho ni kile ninachokidhania, basi kitu chenye thamani kuliko vyote katika sanduku la babu hujakigusa hata siku moja.

Kiangalie mchana, juani. Kama upande wa njano ni laini kiasi kwamba kidole hakisikii chembe yoyote, na mpaka kati ya rangi mbili unaonekana kama matabaka ya mwamba yaliyolala pamoja, kimoja juu ya kingine, hiyo ni kotikule. Inachimbwa Ubelgiji, katika milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm. Ndani ya ile njano kuna vito vidogo sana, havionekani kwa macho, viitwavyo garneti. Garneti ni ngumu kuliko chuma cha wembe, lakini umbo lake ni la mviringo wenye pande nyingi, kwa hiyo inakata kwa kina kidogo mno na kuacha makali laini. Wanyozi wa Ulaya waliitumia kwa vizazi. Babu yako alikuwa na wembe mmoja tu, jiwe na ukanda, akaenda misani kila Jumapili uso unang'aa. Hakuhitaji wa pili.

Kwa hiyo nianze na lile ambalo hukuniuliza. Nyembe zako haziuzwi zikiwa tayari kunyoa. Wembe wa sokoni, hata uwe umetoka Solingen, mji wa Ujerumani ambao jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938 ili asiye wa pale asiliandike kwenye chuma chake, ukifika kwako ni chuma kizuri kilicholala. Makali yake yalikufa zamani, droo kwa droo. Ukinunua wa nane, wa tisa, wa kumi, zote zitavuta vilevile, kwa sababu kinachokosekana hakiuzwi Place du Jeu de Balle. Ni mkono wako kujua kunoa.

Jinsi ya kufanya. Kwanza hakikisha jiwe limenyooka. Miaka mingi ya kunoa inalichimba katikati. Weka karatasi ya msasa mwembamba juu ya kioo, mwagia maji, sugua upande wa njano mpaka uwe sawasawa kila mahali. Jichoree mistari ya penseli juu yake, ikifutika yote umefika. Usiwahi kuweka mafuta kwenye jiwe hilo, ni maji tu. Kisha laza wembe wote, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Hapo ndipo utaona akili ya waliozitengeneza nyembe hizi: unene wa mgongo ndio unaopima pembe ya makali, kwa hiyo huna haja ya kukisia chochote, mradi mgongo usiinuke. Sukuma makali yakitangulia, kama unayetaka kukata ngozi nyembamba ya juu ya jiwe. Ukifika mwisho geuza wembe juu ya mgongo wake, rudi. Uzito wa wembe wenyewe unatosha, usikandamize. Anza na uji mwepesi, unaoupata kwa kusugua jiwe na kipande kingine cha jiwe la aina hiyo, halafu ongeza maji kidogo kidogo mpaka mwishoni unapita juu ya maji safi peke yake. Hiyo safari ya kutoka kwenye uji mpaka kwenye maji ndiyo siri yote ya kotikule. Inachukua nusu saa, na mara ya kwanza itachukua jioni nzima. Wembe wenye meno au kutu kwenye makali utahitaji kwanza jiwe la kukwaruza zaidi, kama lile la namba 1000 la maseremala.

Ukanda ni kinyume chake: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukikosea hapo unaukata ukanda na kuharibu kazi yote ya jiwe. Ule wa babu uliokauka usiutumie. Fundi viatu mzuri atakukatia ngozi ya ng'ombe, nene, laini, isiyo na makunyanzi, upana wa vidole vinne. Mara hamsini kwenda na kurudi, kila siku kabla ya kunyoa, polepole. Kasi ya wanyozi unayoikumbuka utotoni itakuja yenyewe baada ya miaka.

Kuhusu ule uliogeuka buluu, wewe ni mtu wa chuma, unajua tayari. Wembe hurudishwa motoni kwenye joto la kama digrii 200 baada ya kupozwa ghafla, ili uwe mgumu bila kukatika kama kioo. Rangi ya buluu ni dalili kwamba makali yamefika karibu 300. Ugumu umetoka, na jiwe haliwezi kuurudisha. Huo weka uwe wa kufundishia mkono: fanyia makosa yako yote juu yake kabla hujagusa wa babu.

Sasa shingo. Nywele zetu zinajikunja. Ukizikata karibu mno na ngozi, ncha yake iliyochongoka inapokua inapinda na kurudi ndani ya ngozi, na mwili unaipokea kama mwiba. Kipele si uchafu, wala si laana ya wembe. Wembe wenye makali mamoja kwa kweli unatufaa kuliko zile za plastiki zenye makali matatu au matano, ambazo zinavuta unywele kwanza na kuukata ukiwa umetoka nje, kisha unarudi chini ya ngozi. Ila wewe unarudia mara nne kwa wembe butu, hivyo unapata ubaya wa pande zote mbili. Acha kunyoa shingo kwa wiki nne kamili. Najua utaonekana kama mtu aliyefiwa, vumilia. Ngozi ikitulia, anza upya: maji ya moto kwa dakika kadhaa, povu, wembe ukiwa umelala kiasi cha digrii 30 na ngozi, fuata upande nywele zinakolalia, pitisha mara moja tu. Pale chini ya taya usivute ngozi ikazane, maana ndipo unywele unapokatwa chini mno. Kidevu hakitakuwa laini kama cha mtoto, na ndivyo inavyotakiwa. Vile vyenye usaha usivitoboe kwa sindano. Kama kuna vinavyogeuka kuwa makovu magumu yaliyovimba, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu makovu ya namna hiyo yakikomaa ni kazi kuyaondoa.

Shemeji zako waambie leo, kabla ya mwisho wa mwezi. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Damu isiyoonekana inabaki kwenye makali na kwenye bawaba, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi; virusi vya ukimwi navyo hupita kwenye damu. Kufuta kwa kitambaa chenye pombe hakutoshi, na kuuchemsha kutaharibu mpini. Kama wanapenda kunyolewa kwa wembe, waende kwa kinyozi anayebadilisha kipande cha wembe mbele ya macho yao. Huu si unyimivu, na wakikasirika acha wakasirike.

Kutu ni jambo jepesi. Kausha wembe mpaka ndani ya bawaba, upake tone la mafuta ya cherehani, usiufungie kwenye ala ya ngozi wala sanduku lisilopumua, hasa kuanzia Novemba mvua zinapoingia. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye droo yako. Mawese usipake kamwe, yanaoza. Na kama mmojawapo una mpini wa seluloidi, utautambua kwa harufu ya kafuri ukiusugua kwa kidole mpaka upate joto, utenge na wenzake, kwa sababu seluloidi ikizeeka inatoa hewa ya asidi inayokula chuma cha jirani zake wote.

Hilo linanileta kwenye wa nane. Mipini mingi inayouzwa kama pembe ya ndovu ni seluloidi iliyotiwa mistari. Mistari hiyo inakwenda sambamba, safi kama ya daftari, wakati pembe ya kweli ukiitazama ilipokatwa ina mistari inayopishana kama wavu. Inawezekana kabisa unaombwa dola 250 kwa plastiki ya zamani. Usijaribu kuthibitisha kwa sindano ya moto, seluloidi inawaka kwa ghafla.

Lakini tuseme ni ya kweli. Usiununue, Baba Chantal. Biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilifungwa kwa uamuzi uliopitishwa 1989 chini ya CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, nchi yetu imo ndani yake, na sheria yetu ya mwaka 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira asilia nayo inawalinda wanyama hawa. Msafiri atakayebeba mzigo huo ni mtu wa nyumba fulani, ana watoto kama wewe, na unamtuma avunje sheria za nchi mbili kwa ajili ya mpini. Halafu tazama ramani ya kwetu. Hifadhi ya Upemba iko hapahapa Katanga, ndovu waliobaki humo ni wachache, na walinzi wameuawa wakiilinda. Mimi nisingeweza kushika mpini huo asubuhi na kujisikia msafi. Ukitaka mpini mzuri, nenda kwa wauza nyama ukaombe pembe ya ng'ombe. Mafundi wa Sheffield na Thiers waliitumia pembe ya mnyama kwa miaka mingi, inapasuliwa, inalainishwa kwa joto, inabanwa ikanyooka, na ikisuguliwa inatoa rangi ya asali na moshi. Wewe una banio na una mikono. Ungeutengeneza mwenyewe.

Nimechelewa kufika kwa Mama Chantal makusudi, kwa sababu nilitaka ufike hapa ukiwa umeshaelewa kwamba zile dola 180 hazikukupatia kitu ulichokuwa unakitafuta. Ile feza haikuwa yako. Ilitoka kwenye mikono yake, kwenye moto na soda, na ulipomwambia zamu imesogezwa ulimfanya mjinga mbele ya wenzake wa likelemba. Unaniuliza ufanye nini aelewe kwamba nyembe si vitu vya kuchezea. Naona amekuelewa vizuri sana. Aliposema shingo bado ina vipele, alisema kwa maneno saba yale niliyoyaeleza kwa kurasa nzima.

Uza nyembe mbili. Si wa babu, na usianze na ule usioupenda. Uza ule wa saba, ambao kila ukiufungua utakuwa unakumbuka uongo, na mmoja wa Sheffield. Ndugu yako wa Brussels anajua pa kuziuza. Kama hazitafika 180, ongezea kwa kazi zako. Mpe Mama Chantal mkononi, zote kwa mara moja, umwambie kwa mdomo wako ulichofanya, bila kueleza sababu. Na ukimaliza usimwombe chochote siku hiyo.

Jambo la sabuni lisubiri mpaka yeye mwenyewe aanze tena kuongea nawe. Ukilitanguliza ataona ni hila, na atakuwa na haki. Lakini likifika wakati wake, mwombe akufundishe kazi yake, halafu mwambie kile nitakachokuambia sasa.

Ile sabuni ya Ufaransa aliyoinusa haina uchawi. Tofauti na yake ni mbili. Ya kwanza, yeye anatumia soda kostiki, inayotoa sabuni ngumu ya kufulia na kuogea. Sabuni ya kunyolea hupikwa kwa potasi, au potasi na soda pamoja, na potasi hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi chini ya brashi. Wazee waliopika sabuni kwa majivu ya maganda ya ndizi walikuwa wanatumia potasi hiyohiyo bila kuiita jina. Ya pili ni mafuta. Povu la kunyolea lazima liwe zito, lenye mapovu madogo, lisimame usoni bila kukauka, na linalolisimamisha ni asidi ya steariki, ambayo ni chache kwenye mawese lakini ipo kwa wingi kwenye mafuta ya ng'ombe. Achanganye mafuta ya ng'ombe kwa sehemu kubwa, mawese kidogo, na mafuta ya mbegu za michikichi kidogo kwa ajili ya kuamsha povu haraka. Pale anapoondoa gramu 100 za soda aweke gramu 140 za potasi kostiki, apime kwa mizani, asikadirie kwa kikombe. Yeye anajua kwamba soda inamiminwa ndani ya maji na kamwe si maji juu ya soda, na kwamba sufuria ya alumini inaliwa. Potasi ina tabia hizohizo, na wewe utakayekuwa unasaidia uvae miwani yako ya kazi. Iachwe ikomae wiki nne. Zitakuwa zilezile wiki nne za shingo yako, ukipanga vizuri.

Mkiijaribu, tumieni maji ya mvua. Maji ya kisima yakiwa magumu, chokaa yake inashika sabuni na kuigeuza utando mweupe juu ya beseni, na atadhani amekosea mapishi wakati kosa ni la maji. Brashi ya nywele za nguruwe inatosha kabisa. Iloweke kwanza, izungushe juu ya sabuni mpaka ishike, kisha ongeza maji tone kwa tone mpaka povu ling'ae kama maziwa ya mtindi.

Nyoa kwa wembe wa babu, kwa sabuni yake, yeye akiwa amekaa hapo. Halafu niandikie povu lilisimama dakika ngapi, na kama alicheka.